Pikipiki Nyuma ya Basi

Nikisema kwamba mume wangu alinunua pikipiki kwa sababu ya mama yangu mzazi, watu wanadhani mama ndiye aliyemshauri. Mama hakumshauri kitu. Mume wangu aliinunua ili apate njia ya kumkimbia.

Lubumbashi wakati ule ilikuwa bado Élisabethville, na sisi tulikaa katika cité, mtaa wa Waafrika, si mbali na nyumba ya mama. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama aliuza sokoni samaki wakavu waliotoka Kasenga, na mume wangu alikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba. Wote wawili walitoka nyumbani alfajiri ile ile, wakaelekea kituo kile kile, kungoja basi lile lile. Shida yetu ilianzia hapo.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia hata majanini, anageuza mgongo mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima, na inakwisha siku mama mkwe mwenyewe anapopika kuku, akamwita mkwe wake na kumwekea sahani mbele kwa mkono wake. Baada ya kuku huyo wanasalimiana kama watu wengine. Mama wengi hupika kuku huyo mara mtoto wa kwanza anapozaliwa. Mimi nilizaa wa kwanza, nikazaa wa pili, na kuku hakuonekana.

Sasa, mtu atapandaje basi ambalo mama mkwe wake amekwisha kukaa ndani? Mume wangu alijificha nyuma ya duka mpaka basi liondoke, kisha akangoja la pili, akafika kazini amechelewa, akagombezwa. Akichoka kugombezwa alikwenda kwa miguu. Mwisho akanunua pikipiki, kuukuu, iliyokohoa kabla ya kuwaka. Mama aliposikia ule mlio alisema mkwe wake sasa anajifanya mzungu. Nilipomweleza kwamba ni kwa ajili yake, alikaza uso akaendelea kupanga samaki.

Walisemeshana kupitia kwangu. Nilikuwa posta isiyo na mshahara.

“Ambia bwana yako, ile pikipiki inalamusha bantu bote asubui,” mama alikuwa akisema.

Nami nilikuwa nikirudi na jibu: “Anasema, ‘Ambia mama anisamehe, lakini kazi nayo inaniita asubui.’”

Wakati mwingine walikuwa wametenganishwa na ukuta mmoja tu, kila mmoja anasikia sauti ya mwenzake, nami nasimama mlangoni nikirudia maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia. Nilichukia kazi hiyo. Niliwapenda wote wawili na nilikuwa na hamu ya kuwagonganisha vichwa.

Lakini pikipiki ilileta hofu kubwa kuliko ugomvi. Barabara ya kwenda kiwandani ilijaa malori ya mawe ya shaba, na madereva wake hawakumtazama mtu mdogo. Kwa kuwa malori yalichelewesha basi, wakuu walikuwa wametengeneza njia ya basi peke yake kando ya barabara, wakaitenga kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Baiskeli nazo zilikuwa na kijia chao cha udongo upande wa pili. Pikipiki haikuwa na kwao. Ikiingia kijia cha baiskeli, polisi anaifukuza kwa sababu ina injini. Ikiingia njia ya basi, anaifukuza kwa sababu si basi. Iliyobaki ni kupita katikati ya malori, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na kwenye utelezi wakati wa mvua. Kila asubuhi nilisikiliza ule mlio mpaka upotee, kisha nikahesabu saa mpaka arudi. Nilikuwa na watoto wawili, na sikutaka kuwalea bila baba kama mama alivyonilea mimi.

Wenye pikipiki katika cité hawakuwa wengi. Walikwenda kuomba waruhusiwe kupita njia ya basi. Mzungu wa utawala aliyeangalia mambo ya cité akaitisha mkutano katika ukumbi wa mikutano, na akasema abiria wa basi nao waje kutoa maneno yao. Wenye pikipiki wakamchagua mume wangu kuwa msemaji, kwa sababu alikuwa anapanga maneno vizuri na hakasiriki upesi. Siku ile alivaa koti lake la kanisani. Mimi nilikaa nyuma na mtoto mgongoni.

Dereva wa basi ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu mnene, mwenye haki yake, na hata mimi niliona ana haki.

“Mi nasimamisha bisi,” alisema, “mama anashuka, basani ya samaki iko pa kichwa, haone chini. Pikipiki inapita palepale kati ya bisi na ule mama. Akimugonga, bataita nani? Bataita mi.”

Watu wakaitikia. Kweli, kabla ya hapo kijana mmoja aliiba njia ya basi akamwangusha mwanamke mmoja na beseni lake, na samaki wakatapakaa mpaka kwenye mtaro. Mume wangu akasimama, akashika kiti kilichokuwa mbele yake, akaanza kueleza juu ya malori. Alieleza vizuri. Nilimwona yule mzungu akiacha kuchezea kiberiti chake na kumtazama.

Hapo mlango ukafunguliwa, mama yangu akaingia na wenzake wa sokoni.

Alikuwa amekuja kuwasemea wauza samaki, wala hakujua nani amesimama mbele. Mume wangu alimwona katikati ya neno. Mlango wenyewe ulikuwa mmoja, na mama alikuwa amesimama pale pale. Basi fundi wa umeme, msemaji wa wenye pikipiki, ndani ya koti lake la kanisani, akageuka, akapanda juu ya benchi na kutoka kwa dirisha.

Hakuna aliyecheka. Wanaume wakatazama sakafu. Mama akajifunika kitenge usoni akageukia ukuta. Kila Mwafrika ndani ya ukumbi ule alielewa, na kila mmoja alimwona mume wangu kuwa mtu wa adabu. Yule mzungu peke yake ndiye aliyebaki na mdomo wazi.

“Anakimbia juu ya nini?” aliuliza.

Tulinyamaza. Kumjibu kungekuwa kumtaja mtu na mama mkwe wake mbele ya mama mkwe mwenyewe, na aibu hiyo hakuna aliyetaka kuibeba. Mimi nikabembeleza mtoto ambaye hakuwa analia. Mzungu akangoja, akakunja karatasi zake.

“Kama musemaji anakimbia, basi hana maneno. Njia ya bisi ni ya bisi.”

Mkutano ukaisha. Nilimkuta mume wangu nyumbani akishona koti, maana dirisha lilikuwa limelichana. Sikumlaumu. Nilikwenda kwa mama na hasira yangu yote, nikamwambia apike kuku, apike leo, ama siku moja atapikia kilio. Alinijibu kwamba mkwe mwenye haraka namna ile, hata kuku angemla huku anakimbia. Nikaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo niliacha kubeba maneno yao.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzito. Lililotokea asubuhi ile sikuliona; nilisimuliwa na jirani yetu aliyekuwa ndani ya basi, kisha na mama, kisha na mume wangu mwenyewe, na wote watatu walipatana.

Lori lilikuwa linapita lori lingine. Mume wangu akakwepa, gurudumu likateleza, akaanguka kwenye mtaro kando ya yale mawe ya chokaa, na pikipiki ikamlalia mguu. Basi lilikuwa linakuja katika njia yake. Dereva, yule yule mnene, akasimama, akashuka mbio na wanaume wengine. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliijua pikipiki kabla ya kumjua mtu. Wanawake wenzake wakamwambia abaki, afunike uso, wanaume watafanya kazi yao. Mama akamwekea jirani yetu beseni la samaki mapajani, akashuka.

Mume wangu alikuwa amejaa matope mpaka masikioni. Alipomwona nani anakuja, aligeuza uso, akaanza kujivuta kwa viwiko aelekee majanini, mguu wake mmoja umepinda vibaya. Mguu umevunjika, naye anatafuta namna ya kumpisha mama mkwe wake.

“Wacha kukimbia,” mama akamwambia. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia maishani. “Utakimbia na mukulu gani, na ule umevunjika?”

Akakaa matopeni, akashika kichwa cha mkwe wake, akakiweka mapajani. Alimpangusa uso kwa kitenge chake mpaka ngozi ikaonekana. Jirani yetu anasema mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, “Kumbe uko na kovu pa kipaji.”

Kovu hilo la paji la uso alikuwa nalo tangu utoto. Mama alikuwa amekwisha kuwa bibi wa watoto wake wawili, na hakulijua.

Mguu ulifungwa plasta hospitalini. Aliporudi nyumbani, mama alikuja na kuku. Aliingia kwa mlango wa mbele, mara ya kwanza mume wangu akiwa ndani, akaweka bukari, ugali wa kwetu, na sahani ya kuku mbele yake kwa mkono wake. Mume wangu akampa kitambaa cha zawadi, kama inavyotakiwa. Bibi wawili watatu wa ukoo walinung’unika kwamba kazi imefanywa nyuma mbele, kwamba mama amemshika mkwe kabla ya kumlisha. Mama aliwaambia wakale kwao. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, kwa furaha na kwa hasira, maana kuku yule alikuwa hana kitu cha ajabu. Alikuwa kuku tu, angeweza kupikwa siku yoyote.

Dereva wa basi ndiye aliyeomba mkutano mwingine. Alisema kile alichokiona mtaroni hataki kukiona tena. Tukakaa katika ukumbi ule ule, mzungu yule yule na kiberiti chake. Mume wangu alikuja na fimbo, akakaa benchi la mbele. Mama alichelewa, kama kawaida yake siku ya samaki wengi.

Alipoingia, watu wote walimtazama mume wangu, kisha dirisha. Nilimwona akishika fimbo. Hata baada ya kuku, mwili wake ulikuwa bado na desturi yake, na ulikuwa umekwisha kuinuka nusu. Mzungu naye akaweka kiberiti chini.

“Ikala, mutoto yangu,” mama akasema.

Akakaa. Mama akapita mbele ya ukumbi, akasimama karibu naye, karibu sana hata kitenge chake kikagusa fimbo, akawaambia wakuu maneno ya wauza samaki. Alisema pikipiki zipite njia ya basi, lakini zifuate nyuma, na basi likisimama nazo zisimame, mpaka mama wa mwisho ashuke na beseni lake.

“Iko sawa?” mzungu akamwuliza mume wangu.

Mume wangu hakumjibu yeye kwanza. Alinitafuta kwa macho kule nyuma, kama mtu anayetafuta posta yake. Nikatikisa kichwa kukataa. Basi akamgeukia mama yangu, akamtazama usoni, mbele ya watu wote, akasema mwenyewe:

“Iko sawa, mama.”