Masizi ya Siku ya Idi

Nilikuwa mtoto bado, miaka ya themanini ikiingia, niliposimama mlangoni kwa Mama Mdogo Zuhura, pale Eastleigh, asubuhi ya Idi: kanzu nyeupe pee, uso mzima masizi ya sufuria. Sebule ilikuwa imejaa wageni. Mmoja alipaliwa na kahawa. Nimepita viwanja vya ndege vingi tangu hapo, na maofisa wengi wamenikazia macho, lakini hakuna aliyenitazama vile.

Mama Mdogo, mdogo wake mama, alikuwa mshonaji. Mwaka ule macho yake yalianza kutokeza, kama mtu aliyeshtuliwa akaachwa hivyo hivyo. Alikula kutushinda sote, na bado alikonda. Baridi ya Julai sisi tunagombania blanketi, yeye analala sakafuni kwa joto. Vidole vilitetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Mtaani wakaamua: ana jicho, mtoto akitazamwa naye ataugua. Akipita, kina mama wanafunika watoto kwa leso. Naye hakujaliwa kuzaa, na hakuna alichopenda kama kubeba watoto wa wenzake.

Kinga ya jicho ni doa la masizi kwenye paji la uso. Mama alinipaka moja, dogo, akatangulia kwa mdogo wake. Mimi nikapiga hesabu zangu: doa dogo ni la macho ya kawaida. Yale makubwa vile je? Nikakomba sufuria nzima.

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika kifua. "We kinyago! Nani kakupaka?"

"Mama kanipaka kidogo. Hii nyingine nimeongeza mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Akamgeukia mama, ambaye alikuwa anatazama mkeka.

"Hata wewe, dada?"

Tangu siku ile alijifungia. Alikunywa kombe peke yake, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi. Mama akibisha hodi, anajibiwa kutoka ndani: "Nendeni zenu, nisije nikawatia jicho." Siku alipofikishwa hospitali, moyo ulikuwa umeshakimbia mno. Idi kubwa ilitukuta matangani.

Miaka mingi baadaye, ugenini, suruali zikaanza kunivuka huku nakula kama nimekodiwa. Nilijisifu kwamba ujana umerudi, mpaka daktari akanipapasa shingo. Akanieleza kwamba mwili una walinzi wake wa kupigana na maradhi, na wangu wamekosea adui: wanakichokoza kitezi cha shingoni, tezi ya thairoidi, nacho kinachapa kazi bila kupumzika. Moyo unakwenda mbio, nyama zinayeyuka, mikono inatetemeka. Wengine huvimba nyuma ya macho, yakasukumwa nje. Akaniuliza kama kuna ndugu yangu aliyewahi kuugua hivyo. Nikamtajia Mama Mdogo.

Vidonge vipo. Hata wakati ule vilikuwepo.

Nilipotua Nairobi nilikwenda moja kwa moja kwa mama, Buruburu, nikamweleza yote huku najishika shingo kama mwalimu. Nilidhani namletea faraja: halikuwa jicho, ulikuwa ugonjwa, na una dawa. Sikufikiri kwamba miaka yote hiyo alikuwa ameegemea jambo moja tu, kwamba hapakuwa na la kufanya, na mimi nimepanda ndege kuja kumwondolea egemeo hilo.

Alisubiri nimalize.

"Mimi unaniambia ya nini? Nenda kamwambie Zuhura."