Makala ya Ahadi na Saa za Ng'ambo

Kaa hapa nikueleze makala ya falsafa inavyotumwa kwenye jarida, kwa sababu najua unayo moja kwenye kompyuta na unaiogopa. Yangu ya kwanza niliiandikia Tunduma, katika nyumba ya kupanga niliyoishi na mwalimu mwenzangu wa jiografia, mtu wa milima ya Ileje. Mimi nilifundisha uraia. Falsafa niliyoisomea chuoni ilisubiri jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, malori yakinguruma kwenye foleni ya kwenda mpakani.

Jarida moja lilitangaza toleo maalumu kuhusu ahadi. Nililitaka mno, maana chuo nilichoomba kusomea uzamivu kilidai makala moja iliyochapishwa. Nikaandika nilichokiona kila siku. Mtu wa Tunduma na mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanaahidiana kukutana saa kumi, na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kila mmoja akifika kwa saa ya kwao, nani amevunja ahadi?

Makala husomwa na wataalamu wasiokujua, nawe huwajui, ili wapime hoja na si mtu. Kwa hiyo unafuta jina lako na kila alama yako. Nilidhani nimefuta vyema, mpaka mwenzangu aliposoma.

"Jina umetoa. Lakini hapa unasema, 'shuleni kwetu kando ya mpaka, ninapofundisha huku nikiandika falsafa.' Wanafalsafa wa hapa Tunduma mko wangapi, bwana? Si uko peke yako!"

Tukacheka, nikafuta.

Mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi na moja jioni, saa za Afrika Mashariki. Kwetu, mtu akikutajia saa unamuuliza kwanza, "Za huku au za ng'ambo?" Siku hiyo sikujiuliza. Simu niliiweka kwenye dirisha la upande wa Nakonde ili ikamate mtandao vizuri, ikashika mnara wa Zambia na kurudisha saa yake nyuma yenyewe. Ikanionyesha saa kumi na robo. Nikachemsha chai, nikakaa kunyoosha marejeo taratibu.

Mwenzangu akarudi kutoka shuleni. "Hujatuma tu?"

"Nina nusu saa nzima."

Akatazama saa yake ya mkononi, kisha simu yangu. Akakaa chini kwa kicheko. "Yaani umeandika makala nzima juu ya saa za Zambia, na zimekukamata wewe mwenyewe!"

Nilibonyeza kutuma hata hivyo. Ukurasa ukaniambia muda umekwisha. Kicheko chake kikakatika. Alijua nilichokuwa nakipoteza.

"Mwandikie mhariri," akasema. "Ila habari za minara achana nazo. Ataona unamtungia hadithi."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Basi iwe fupi."

Nikaandika sentensi chache. Mhariri akajibu kwa upole kwamba toleo maalumu limefungwa, lakini matoleo ya kawaida hupokea makala wakati wowote. Nikaituma huko. Baada ya miezi mingi maoni ya wale wataalamu yakaja. Msomaji mmoja aliuliza mbona mtu wa Nakonde hasikiki. Jumamosi, mwenzangu na mimi tukavuka, tukazungumza na wauza vitenge wa upande ule. Mmoja akatuambia, "Ninyi ndio mnaofika mapema. Sisi hatujawahi kuchelewa." Aya iliyotokana na maneno hayo ndiyo bora kuliko zote nilizoandika.

Makala ilichapishwa, chuo kikanipokea, nikahama Tunduma. Sasa nina ofisi tulivu na mtandao usioyumba. Ninachokikosa ni ile meza moja, na mtu wa kusoma kazi yangu kwa sauti na kunicheka kabla wageni hawajaisoma.

Yako nayo ikikataliwa kwa kuchelewa, mwandikie mhariri siku hiyohiyo: mweleze kwa kifupi kilichotokea, kisha muulize kama toleo la kawaida linaweza kuipokea.