Nukta Nne Nyekundu

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya kioo chenye moto hunirudisha Temeke kuliko kitu kingine chochote. Amplifaya ya bendi ya kiwanda ilikuwa na chupa ndogo za kioo ndani yake, na ukiiwasha zilianza kuwaka polepole, rangi ya chungwa, na vumbi la wiki nzima lililozikalia likaungua. Wengine walikunja pua. Mimi nilivuta pumzi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikuwa wa kwanza kufika ukumbini. Wenzangu wa darasa la sita walicheza rede uwanjani, wakanizomea kwamba najifanya mwanamume, nami niliwaacha wazomee. Nilikalia kreti tupu la soda mbele ya spika nikamsubiri mjomba wangu aunganishe waya.

Mjomba Rashidi alikuwa mdogo wake mama, baba mmoja mama mmoja. Kutwa alisimamia mashine za kufuma khanga, na Jumapili alipiga gitaa la rithimu katika bendi ya wafanyakazi. Rithimu ndilo gitaa linaloshika mwendo. Solo hutamba na kusifiwa, rithimu hubeba mzigo. Aliishi kwetu, chumba cha uani, na alinipenda, sitaki kumsingizia katika hilo. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika nyuzi mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Mama alizoea kuniambia, “Mjomba wako ni mimi mwenye ndevu,” na mimi nilimwamini mama, kwa hiyo nilimwamini mjomba mara mbili. Mwaka ule aliniahidi jambo ambalo hakuna msichana wa mtaa wetu aliyewahi kuahidiwa. “Siku ya sherehe ya kiwanda, Tatu, wimbo wa mwisho tunapiga mie na wewe. Watu wote wakuone.” Nililala na ahadi hiyo, nikaamka nayo, nikaenda nayo shule.

Kisha ikaja ile santuri. Jirani yetu, kuli wa bandarini, alipewa na baharia mmoja sahani ya muziki wa huko kwao, na alituita tuisikilize kwa sababu yeye ilimtia kichefuchefu. Gitaa lilinguruma kama lori la kokoto, lakini kila pigo lilikatika pale pale lilipotakiwa kukatika, halikuacha mkia. Mjomba alirudia upande ule mmoja mpaka jirani akaomba sindano yake ipumzike. Kesho yake alimfuata fundi redio, na fundi akaifungua amplifaya, akachomelea vitu anavyovijua yeye, akaiongezea kifundo cha nne cha kuzungusha. Vitatu vya zamani vilikuwa cha besi, cha sauti ya kati na cha sauti nyembamba. Hiki kipya kiliifanya sauti iungue na kukwaruza, na bendi ikakiita kifundo cha kukaangia.

Mjomba alikifungua mpaka mwisho. Akafungua na besi mpaka mwisho, maana kwake yeye ukali ulikuwa wingi. Paa la bati lilitetemeka, na kilichotoka spikani kilivimba kama uji unaotaka kumwagika, pigo moja likimezwa na jingine. “Rashidi bwana, debe tupu haliachi kuvuma!” alimtania mpiga ngoma, na mjomba akajibu kwa kuongeza. Jumapili mbili zilikwisha hivyo. Mimi nilirudi nyumbani na maumivu ya kichwa, nikamkuta mama anatwanga, na ndipo nilipoelewa. Kinu kikijaa mpunga, mchi huzama na kutoa sauti nzito isiyo na mwisho; kikiwa na mpunga kidogo, mchi husema ta, ta, ta, kila ta na nafasi yake. Tulikuwa tumejaza kinu.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mjomba anipishe kidogo. Besi niliirudisha karibu na mwanzo, kwa kuwa ukumbi ule wa bati ulikuwa na besi yake ya kutosha. Kukaanga nikakupunguza chini ya nusu. Mjomba alilalamika kwamba nauua moto, nikamwambia asubiri. Sauti ya kati, ambayo kila mtu aliidharau, nikaipandisha. Nyembamba nikaiacha nusu. Kisha nikamshika mkono na kumlazia ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, pale zinapofungwa kwenye gitaa, ziguswe tu, zisizibwe kabisa. “Haya, piga.” Alipiga. Ta, ta, ta, ngurumo ikiwa imekatwa vipande vipande, na kimya kavu kati ya kipande na kipande. Mpiga ngoma alidondosha kijiti chake. Mjomba alinitazama, halafu akaninyanyua na kreti langu juujuu, akicheka na huku machozi yanamlenga.

Wanabendi wengine walikuwa na tabia ya kuzungusha vifundo ovyo, kwa hiyo nilichukua kichupa cha rangi ya kucha cha mama, nikaweka nukta nyekundu kando ya kila kifundo, mahali pake hasa. Nukta nne. Tone lililobaki nilijipaka ukucha wa kidole cha mwisho. Siku hizo rangi ya kucha, wigi na sketi fupi vilikuwa vinakemewa hadharani kuwa ni kasumba, mabaki ya kuabudu wakoloni, lakini kidole kimoja nilidhani kitasamehewa.

Wiki moja kabla ya sherehe, kamati ya utamaduni ya kiwanda ilikuja kuikagua bendi. Mwenyekiti wake, Mzee Kondo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kuulizwa na waliomzidi. Mjomba alipiga vizuri kuliko siku zote. Wafanyakazi waliochungulia madirishani walianza kutikisa vichwa kufuata mdundo, na hilo ndilo lililomuudhi mzee. Aliinua mkono, muziki ukakatika.

“Ndugu Rashidi, hii ni ngoma gani? Ya kabila gani?”

Mzee akainama kwenye amplifaya, akagusa nukta moja. “Na hizi? Rangi ya kucha? Nani kaleta kasumba humu kiwandani?”

Niligeuka kumtazama mjomba. Nilikuwa na uhakika atasema neno, hata mzaha, maana ulimi wake haukuwahi kukosa la kusema. Akaninyooshea kidole. “Huyu mtoto wa dada, mzee wangu. Anachezeachezea vifundo. Mie nimekuta tu vishawekwa hivi.” Wote wakatazama mkono wangu, na ule ukucha mmoja mwekundu. Niliambiwa nitoke na nisionekane tena ukumbini. Nilipofika mlangoni nilisikia vifundo vikizungushwa, kimoja baada ya kingine.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimeisoma methali hiyo shuleni bila kujua inauma wapi. Lakini lililonivunja halikuwa la ukumbini. Jioni mama, ambaye alishasimuliwa na mdogo wake kwa namna ya mdogo wake, alinishika sikio mpaka chumba cha uani. “Mwombe mjomba wako radhi. Umemwaibisha mbele ya wakubwa.” Nilimbusu mkono. Nilisema shikamoo, nikasema nisamehe mjomba. Alikuwa anakaza nyuzi za gitaa, hakuinua macho. “Marahaba. Nimekusamehe, yamekwisha.” Sikushika gitaa tena.

Miaka michache baadaye hali ililegea, na mjomba akavirudisha vifundo kwenye nukta zangu, akaitoa ile sauti kabatini, akapata jina kwayo. Watu waliiita mkaango wa Rashidi. Mwaka jana nilimsikia redioni, mzee wa miaka themanini, akiulizwa aliipataje. “Nilifungua vifundo vyote mpaka mwisho,” alisema. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikakaa chini nikalia. Aliiba nyumba na hata mlango wake hakuujua.

Mjukuu wangu Neema anapiga gitaa. Hakuna anayemzomea, wenzake humrekodi kwa simu na kumsifu. Naona wivu, nasema wazi. Juzi aliyasikia kwenye simu mahojiano yale ya babu yake mkubwa, akafungua vyote mpaka mwisho, na ule uji wa zamani ukamwagika sebuleni kwangu. Niliinuka. Besi nikairudisha, kukaanga chini ya nusu, kati juu, nikamlazia kiganja juu ya nyuzi. Ta, ta, ta. Neema aliduwaa, akaniuliza nimefundishwa na nani, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsimulia mtu yote, kuanzia kinu hadi ukucha.

“Sasa bibi, babu anajua kuwa ni wewe? Au kasahau?”

“Alijua siku ileile, mwanangu,” nilimwambia. “Alijua, na akanisamehe.”