Sikio Moja Riyadh, Sikio Moja Likoni

Ndugu zangu mnaonisikiliza, kwanza mnijue: mimi ni mtu wa kushuku. Hata maziwa ya dukani nilikuwa nayanusa mara mbili kabla ya kuyatia kwenye chai. Lakini afya nilikuwa nayo, kuumwa kichwa sikukujua.

Nilipopata kazi ya nyumbani Riyadh, mtaa wa Suwaidi, nilimwacha binti yangu Salma, miaka minne, kwa wifi yangu Mwanaisha huko Likoni. Na wifi simwamini. Nikamwambia simu iwekwe juu ya kabati, laini iwe wazi mchana kutwa, ati mtoto azoee sauti yangu. Uongo mtupu. Nilitaka kusikia kama anampiga. Wakenya wengi huku tunafanya kazi na waya wa simu sikioni, chini ya mtandio. Sikio langu la kushoto lilikuwa Likoni, la kulia linamngoja madam.

Mwezi wa tatu kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho. Masikio yakavuma. Madam anazungumza, naona mdomo unakwenda, maneno hayaingii. Siku moja aliniita mara tatu nimesimama na pasi. Nilishtuliwa na harufu ya nguo kuungua, na mkono wangu mwenyewe umebabuka. Nikasema basi, huyu mwanamke ananitilia kitu. Nikaacha chakula chake. Nikawa nala mkate mkavu niliouficha, nikakonda, nikatapika nyongo.

Familia ilipokwenda Jeddah kwa mama yake madam, nami wakanichukua; huko nikaanguka jikoni, wakanipeleka hospitali. Aliyenipima ubongo alikuwa dada wa Kizanzibari. Alinipaka dawa nzito kichwani, akabandika waya. Nikamuuliza madam amemtuma apeleleze nini. Akacheka, akasema waya hazisomi siri, zinaona mawimbi ya ubongo tu. Kisha akaniwekea sauti mbili kwa pamoja, kila sikio na yake, nizisikilize zote. Zilipokwisha akaniuliza zimesema nini. Ya kulia nilieleza vizuri. Ya kushoto sikuwa na hata neno. Nikamwambia mashine yake mbovu.

"Mashine nzima, dada'angu," akasema. "Mawimbi yako yameifuata sauti moja, ya pili yameiacha ipite. Ukiyalazimisha kutwa nzima, lazima uchoke."

Daktari naye akasema kifafa hakuna, sumu hakuna. Ni uchovu, na njaa niliyojitakia mwenyewe. Sikumwamini mpaka nilipokaa wiki nzima nakula, bila waya sikioni, kichwa kikatulia.

Ndipo nikampigia Mwanaisha, nikakiri yote.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Kila siku Salma alikuwa anapanda kiti, anakuita kwenye hiyo simu. Hukumjibu hata siku moja."

Nililia mpaka madam mwenyewe akaniletea maji, nikayanywa.

Namshukuru Mungu, na wifi yangu, na yule dada wa waya. Wenzangu mlio huku, kichwa kikigonga nendeni hospitali kabla ya kumtafuta mchawi. Kushuku sijaacha, sitawadanganya. Lakini sasa napiga simu nyumbani kazi ikiisha, nimekaa chini, mikono haina kitu. Salma huchukua muda kabla hajaanza kuongea nami. Namngoja.