Mshenga Aliyeivunja Ndoa Aliyoifunga

Wasomaji wangu wa Busia mmeshasikia: yule mama Mhindi wa duka la vitambaa, mshenga wa jamaa zake pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, alifariki wiki iliyopita. Nilishona nguo kwenye baraza lake kwa miaka sita kabla sijashika kalamu, kwa hiyo mniruhusu nimzungumzie.

Wazazi wa Tororo na wa Malaba walikutana kwake, wakaulizana ukoo, elimu na biashara. Vijana wakaonana nusu saa. Ndivyo alivyomleta msichana mmoja kutoka Jinja, akaolewa na mwenye duka la spea. Baada ya miezi minne, asubuhi ya siku ya soko, msichana yule aliingia dukani taya limevunjika, damu imelowesha sari, na utosini pabichi paliponyofolewa nywele. Mama mkwe alimfuata nyuma.

"Mrudishe kwa mumewe. Ndoa ni kuvumilia. Si wewe mwenyewe ulimwambia?"

"Nilimwambia," mama mshenga akajibu. "Nilikosa."

Mume akaingia na bomba la chuma, akamkaba mkewe shingo akimburuta. Mama mshenga akamkumbatia msichana kiunoni. Bomba likamshukia mkononi. Nikasikia mfupa ukivunjika. Hakumwachilia. Likamshukia begani. "Utaniua mimi kwanza!" akapiga kelele. Mimi nilikuwa nimeganda. Bomba lilipoinuliwa mara ya tatu, nilichukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa nikamchoma yule mwanamume pajani. Wapagazi wa sokoni wakamkalia hadi polisi walipofika. Jambo hili sijawahi kuliandika.

"Dada, umemchoma mtu," mama aliniambia hospitalini.

"Ndiyo, mama."

"Pole. Na asante."

Alimrudisha msichana Jinja mwenyewe, mkono ukiwa kwenye plasta. Nusu ya jamaa zake waliacha kumsalimu, maana mshenga havunji ndoa. Hakuacha kazi. Miaka yake ya mwisho vijana walimletea picha za wachumba waliowapata kwenye simu, naye akawaambia, "Uso nimeuona. Sasa katafuteni mfanyakazi aliyefukuzwa na huyu, mmwulize bosi wake akikasirika hufanya nini."

Wako wanaolaumu ndoa za kupangwa, wako wanaolaumu simu. Mimi nimeona mkatili akipita njia zote mbili, amechana nywele vizuri. Tunaopiga vigelegele harusini tuna deni moja: bibi harusi akija kubisha hodi, tusimwulize amemkosea nini mumewe. Tumwingize ndani, kisha tusimame mlangoni.