Ua la Bi Zuhura

Naikumbuka siku moja ya Desemba huko Deira, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Wewe unafunga sanduku kwenda huko huko Dubai, basi keti kidogo. Shangazi yako hana zawadi ya safari, ana aibu yake tu ya kukupa.

Nilikuwa napamba biskuti za Krismasi katika jiko la hoteli. Mezani tulikuwa wawili: mimi, msichana wa Machakos mwenye papara, na Bi Zuhura, mama wa Unguja aliyenizidi miaka ishirini. Madam, msimamizi wetu, alishatuambia kwamba sikukuu zikiisha atabaki mmoja, mwingine viza yake itafutwa. Bi Zuhura alikuwa na binti sekondari akimsomesha peke yake. Mimi nilikuwa na hamu tu ya kubaki. Naam, hamu tu!

Na bado alinifundisha. Sukari ya unga niliyokoroga ilikuwa majimaji, nyota zangu zikachuruzika kama pua ya mtoto. Akanishika mkono. "Taratibu, mwanangu. Hina haikimbizwi."

Kwao alikuwa akipamba maharusi. Akakunja plastiki ikawa koni kama ile ya hina, akatia sukari nzito nyeupe, akachora juu ya biskuti ua lile lile la kiganjani mwa bibi harusi, na vikonyo vyake vyote. Haki ya Mungu, sijaona kitu kizuri namna ile. Mwislamu yule, na Krismasi ni yangu!

Alipokwenda kuswali adhuhuri, madam akaingia. Akainua biskuti moja, akaitazama sana. "Nani amechora hii?"

Ulimi hauna mfupa. Wangu ulisema, "Mimi, madam."

Kumbe Bi Zuhura alikuwa amesharudi, yuko mlangoni anaweka mtandio sawa. Alisikia. Nilingoja anisute, tena nilitamani anisute. Wapi! Alikaa kwenye kiti chake akaendelea kuchora, na mimi, mshenzi mimi, nikaendelea kujaza rangi.

Januari ni yeye aliyefunga sanduku. Wakati wa kuagana akaniambia, "Mkono nilikupa. Jina ungeniachia." Asante ya punda ni mateke, mwanangu, na punda ndiye huyu unayemtazama.

Miaka sita nilikula kwa ua lake. Kila Krismasi nilisifiwa, na kila mara niliogopa kusema kweli. Hatimaye nikapata namba yake ya simu, nikapiga, nikaungama huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia binti yake aliacha shule mwaka ule ule aliorudi Unguja. Kisha akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Ila usinipigie tena." Sijapiga tena.

Wanasema majuto ni mjukuu. Si kweli, mjukuu hukua akaondoka. Yangu nalala nayo, naamka nayo.

Basi sikia. Huko watakuwapo watu wa kukushika mkono. Ukiulizwa nani amefanya, mtaje aliyefanya, hata kama kumtaja kutakurudisha nyumbani. Ukirudi mikono mitupu hapa tutakupokea, tutakupa chai, na utalala usingizi.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe wa kukufundisha, mwanangu, na akupe kinywa cha kuwataja.