Babu Alisoma Bila Kukwama

Sauti ya babu akisoma barua barazani ilifika hadi uani, bibi alikokuwa akichoma vitumbua. Temeke ya enzi za Mwingereza, waliojua kusoma mtaani kwetu walihesabika, na babu, karani mstaafu, ndiye aliyewaongoza. Watu walimletea barua za watoto wao walio mbali. Kwao, aliyetamka vizuri ameelewa. Sote tulihitimu chuo cha Kurani tukisoma Kiarabu kwa ufasaha bila kujua maana, na hakuna aliyeona ajabu.

Masika moja, nikiwa na miaka tisa, nilianza kumbaini. Yeye aliyekuwa akinisahihishia imla ya shule, sasa aliandika nusu ya jina la bibi, akalikodolea macho, akanirudishia kalamu. Barua ya msiba aliisoma yote, nami nilipomuuliza nani amefariki, akashangaa: "Kwani kuna msiba?" Nikacheka. Nilifurahi, mjinga mimi, kumshinda babu kwa herufi.

Baba mdogo naye aliliona hilo, ila yeye hakucheka. Alileta karatasi ya kumrithisha yeye peke yake nyumba yetu, pamoja na wazee watatu wa kushuhudia, kofia safi, matumbo tayari kwa pilau. Babu akaisoma mwanzo hadi mwisho.

"Mmesikia wenyewe?" baba mdogo akauliza.

"Tumesikia. Kasoma bila kukwama," wakajibu, macho kwenye sinia.

"Basi muulizeni kasoma nini!" bibi akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Shemeji, haya ya wanaume, tuachie wenyewe," mmoja akamwambia.

Sahihi ilimshinda babu. Karani wa miaka thelathini akachovywa dole gumba kwenye wino, na wapumbavu wale wakanawa mikono, wakala. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wale walikuwa na vipara. Kabla ya Ramadhani tulikuwa tumehamia chumba cha kupanga Kinondoni, babu akiuliza kila asubuhi tunarudi lini kwetu.

Leo ugonjwa ule una jina, na wajukuu zangu hunieleza kwamba mtu huweza kutamka maandishi yote ilhali maana imeshamtoka. "Bibi, zamani hamkujua," hunipoza. Wazee wale nawadharau mpaka kesho. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka mkekani, na nilinyamaza nisije nikanyimwa pilau. Nikapewa, nikala.